Ndizi ya Busia na ndizi ya Kisumu: jina moja, matunda mawili

Swali: "Ninauza matunda na vyakula mjini Busia, upande wa Uganda. Mwezi uliopita mteja wangu wa Kisumu, mwenye hoteli, alinipigia simu akaniomba nimtayarishie mikungu arobaini ya ndizi. Nilimkusanyia sukali ndiizi, zile ndogo tamu, nzuri, zilizokomaa, nikazipakia. Zilipofika akalalamika kwamba alitaka matooke ya kupikia wateja wake. Kila mmoja wetu anaamini kwamba alisema Kiswahili sahihi. Naomba kuelezwa: ndizi ni tunda gani hasa, na jina hili limetoka wapi? Mwanangu ameambiwa kwamba ni la Kiarabu, na kwamba hata neno banana ni la Kiarabu lenye maana ya vidole. Na mimi niandike nini kwenye oda ili hasara hii isinirudie?"

Jibu: Mama, kabla ya kuingia katika historia nikutoe wasiwasi. Hukukosea, wala mteja wako hakukosea. Yeye alitamka neno la Kiswahili. Wewe ulisikia neno la Kiganda linalofanana nalo kwa sauti, na hasara ikaangukia kwenye lori. Maneno ya namna hii yana hatari kuliko maneno mageni kabisa, kwa sababu neno geni humfanya mtu aulize, na neno analodhani analijua humfanya anyamaze akapakie mzigo.

Katika Kiswahili cha pwani, na katika Kiswahili sanifu kilichotokana nacho, ndizi ni tunda lolote la mgomba, liwe dogo au kubwa, la kupika au la kumenya na kula, bichi au bivu. Ndiyo maana mtu wa Tanga au wa Unguja akisikia ndizi tupu, bila neno la kuifuata, huuliza mara moja: ndizi gani? Kuna mzuzu, ambayo hukaangwa au huungwa kwa nazi. Kuna mkono wa tembo, ndefu na iliyopinda kama mkonga wa mnyama huyo. Kuna kisukari, ndogo na tamu kama jina lake linavyosema. Na kuna ndizi Bukoba, ya kupika, iliyopewa jina la mji ulio ng'ambo ya pili ya ziwa letu. Wakenya nao wana aina wanayoiita Kampala, na wengi wangeshangaa kuambiwa kwamba Kampala kwenyewe hakuna anayeijua kwa jina hilo, kwa kuwa hapa sisi tunaiita bogoya. Katika orodha yote hiyo, neno ndizi linatangulia na jina la aina linafuata, au linatajwa peke yake kwa sababu kila mtu anajua kwamba ni ndizi inayozungumziwa.

Kiganda hulipanga jambo hili kwa njia nyingine. Mmea wowote wa jamii hii huitwa ekitooke, lakini ukifika kwenye tunda, jina linafuata kazi yake jikoni. Amatooke ni ya kupika. Embidde ni za kukamua maji ya kutengenezea pombe. Gonja ni ya kuchoma. Bogoya na ndiizi humenywa zikaliwa zikiwa mbivu. Ukitaka kuona jinsi mipaka hii ilivyo imara, panda teksi ya kwenda Jinja ushuke Namawojjolo, pale wachuuzi wanapokimbilia madirisha ya magari wakiwa wameshika kuku wa kuchoma na gonja iliyokauka vizuri nje na laini ndani. Mwambie mmoja wao, "Nipe ndizi mbili." Atakutazama, ataangalia alichoshika, kisha atakuelekeza kwa jirani yake mwenye vichane vya ndizi ndogo za manjano. Mwenyewe amebeba kitu ambacho Mswahili angekiita ndizi bila kusita, naye hajioni kuwa muuzaji wa ndizi hata kidogo.

Sasa neno hilo ndiizi lilifikaje katika Kiganda likiwa limebana namna hii? Mimi nashikilia kwamba ni neno la Kiswahili lililopanda kutoka pwani na misafara ya biashara, na nitaeleza sababu zangu, maana katika asili ya maneno mtu hapaswi kuaminiwa kwa sababu tu ana sauti kubwa.

Watu wa pwani walifika katika kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, wakati wa Suuna wa Pili. Aliyetangulia kujulikana kwa jina ni Ahmed bin Ibrahim, mwaka 1844. Katika miaka iliyofuata waliingia wengi, na pamoja na nguo, shanga na bunduki yaliingia maneno. Ukitaka kuyaona, ingia katika nyumba yoyote ya Kiganda leo: meza ni emmeeza, dirisha ni eddirisa, kitabu ni ekitabo, sabuni ni ssabbuuni, na sukari ni ssukaali. Kisha toka nje uende kwenye kibanda cha matunda. Nanasi ni ennanaansi. Papai ni eppaapaali. Pera ni eppeera. Fenesi ni ffene. Embe ni omuyembe na chungwa ni omucungwa, na hapa pana jambo la kuchekesha kidogo: kwa Kiswahili mwembe na mchungwa ni miti, na matunda yake ni embe na chungwa, Kiganda kilichukua jina la mti kikaliweka juu ya mti na tunda kwa pamoja, na ndiyo sababu Mganda anayejifunza Kiswahili hukuambia kwamba amekula miembe mitatu, na msikilizaji wa Mombasa akapata taabu ya kufikiri alivyoimeza.

Tazama jambo moja katika orodha hiyo ya maneno. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi yenye mkazo huvutwa kidogo. Kwa Mswahili mvuto huo haubadilishi maana, kwa hiyo hauandikwi. Kwa Mganda urefu wa irabu ni sehemu ya neno lenyewe, hivyo sikio lake likausikia mvuto ule na kalamu yake ikauandika kwa irabu mbili: sukaali, sabbuuni, meeza, peera. Neno ndiizi limefuata desturi hiyo hiyo bila kukosa. Urefu wa irabu peke yake haungetosha, kwa kuwa Kiganda kina maneno yake ya asili yenye irabu ndefu, ettooke likiwa mojawapo. Lakini ukiuweka pamoja na kibanda kizima cha matunda yenye majina ya pwani, inakuwa vigumu kuliona neno hili kama mwenyeji.

Na jina kamili, sukali ndiizi, linatoa ushahidi wa aina nyingine. Sehemu ya kwanza haina ubishi, ni sukari ya Kiswahili. Herufi r imegeuka l kwa sababu Kiganda huandika r baada ya e na i tu. Neno hilo limesafiri sana. Lilianza katika Kisanskriti likiwa na maana ya changarawe, kisha chembechembe za utamu wa miwa, likapita Uajemi likiwa shakar, likawa sukkar kwa Waarabu, ndipo likafika kwetu. Sasa angalia mpangilio. Mswahili angesema ndizi sukari, au ndizi kisukari: kitu kwanza, sifa baadaye. Sukali ndiizi imepangwa kinyume, na kwa sarufi ya Kiswahili ingekuwa sukari ya aina ya ndizi. Hata kwa sarufi ya Kiganda mpangilio huo si wa kawaida, kwa sababu Kiganda nacho hutanguliza kitu. Kwangu mimi hii inaonyesha kwamba maneno yote mawili yalipokewa kama jina tu, na walioyapokea hawakuwa na haja ya kujua kila kipande kina maana gani. Ndivyo watu wanavyofanya na majina ya mjini.

Ikiwa nimekubalika hadi hapo, kubana kwa maana hakuna siri tena. Msafiri wa pwani alionyesha tunda dogo tamu akasema hii ni ndizi. Alikuwa anataja ukoo mzima. Msikilizaji wake tayari alikuwa na amatooke, gonja na embidde, kila moja na jina lake la tangu babu, hivyo hakuwa na nafasi ya jina la jumla. Alikuwa na nafasi moja tu, ya tunda lililo mbele yake. Akaliweka jina hapo, nalo limebaki hapo. Waswahili wenyewe walifanya vilevile kwa Wareno: pera kwa Kireno ni tunda jingine kabisa, lile la nchi za baridi lenye umbo la kibuyu, na watu wa pwani walilichukua jina hilo wakalivika tunda la mpera tunalolijua sisi. Hakuna Mreno aliyekuja kudai.

Ukisafiri kwenda Ankole utaona upande wa pili wa jambo hili. Ndizi hii ndogo huko inaitwa kabaragara. Kampala neno hilo hilo, kabalagala, ni chapati ndogo nene zinazouzwa kandokando ya barabara, na sababu inaonekana mara moja ukimwona mama akizitengeneza asubuhi: anachukua ndiizi zilizoiva hadi ganda kuwa na madoa meusi, anazimenya na kuziponda kwa mkono, anaongeza unga wa muhogo kidogo kidogo bila tone la maji hadi donge linaposhikana, analisukuma, analikata kwa mdomo wa glasi, anatumbukiza vipande katika mafuta ya moto. Kwa hiyo magharibi mtu anaweza kusema kabaragara akimaanisha tunda, na Kampala akapewa chapati. Na sehemu moja maarufu ya jiji, inayojulikana zaidi kwa baa kuliko kwa chapati, imebeba jina hilo hilo. Ukifanya biashara ya ndizi Mbarara, mama, hilo nalo lina uwezo wa kukutia hasara.

Nigeukie sasa asili ya ndizi katika Kiswahili chenyewe, kwa kuwa mwanao ameambiwa kwamba ni Kiarabu. Si Kiarabu. Waarabu huliita tunda hili mauz, na wamekuwa wakiliita hivyo tangu zama za kati. Ni kutoka neno hilo wataalamu wa mimea walipata jina la kisayansi Musa, ambalo Linnaeus aliliweka katika kitabu chake cha mwaka 1753. Yako maelezo mengine kwamba Musa alikuwa tabibu wa mfalme wa Roma, lakini jina la Kiarabu linatosha kueleza kila kitu bila tabibu huyo. Katika Qur'ani, Sura ya 56, limo neno jingine tena, talh, ambalo wafasiri wengi wamelieleza kuwa ni migomba. Hakuna mahali katika mauz wala talh ambapo sikio la mtu, hata likiwa na huruma, lingesikia ndizi.

Umbo la neno nalo linasema asili yake. Ndizi liko katika ngeli ya I-ZI, umoja na wingi wake ni sawa, na linaanza na ile n iliyogandamana na konsonanti kama katika ndevu, ndimi na ndoto. Ni umbo la Kibantu. Halafu kuna mgomba. Kiswahili kwa kawaida hutoa jina la mti kutoka kwa tunda kwa kuongeza m tu: pera na mpera, papai na mpapai, nanasi na mnanasi, hata yale matunda yaliyokuja na Wareno majuzi. Kwa ndizi hakifanyi hivyo. Hakuna mndizi, kuna mgomba, neno lisilo na uhusiano wowote wa sauti na tunda lake. Lugha inapokuwa na jina moja la mmea na jingine la tunda, kisha mkungu kwa zao lote linaloning'inia, chane kwa safu moja, na methali inayosema mgomba haushindwi na mkunguwe, tunajua kwamba watu wake wamelima kitu hicho kwa muda mrefu sana na wamekuwa na haja ya kutaja kila sehemu. (Na kwa mkulima, mgomba hata si mti: shina lake ni majani yaliyokumbatiana, na likishazaa mara moja limekwisha kazi.)

Pamoja na hayo, mmea wenyewe ni mgeni Afrika. Asili yake ni Asia ya kusini-mashariki na visiwa vya karibu nayo. Huko Kuk, katika nyanda za juu za Papua Guinea Mpya, watu walikuwa wakiulima karibu miaka 7000 iliyopita. Kwetu Uganda, watafiti walitangaza mwaka 2006 kwamba katika matope ya kinamasi cha Munsa walipata chembe za mgomba zenye umri wa zaidi ya miaka 5000. Wanaakiolojia wengine waliukataa umri huo, wakisema ni mkubwa mno ukilinganisha na ushahidi mwingine wa bara hili, na ubishi huo ungali hai.

Majina ya Kibantu yanaendana na ugeni huo. Chukua mnyama ambaye Wabantu wamekuwa naye tangu zamani, mbuzi: Kiswahili ni mbuzi, Kiganda ni embuzi, Kikuyu ni mbũri, na hata ukienda kusini kabisa utalitambua. Au chukua moto, au mtu. Kisha uliza jina la ndizi. Mgiriama atakuambia izu, kwa wingi mazu. Mkikuyu atasema irigũ. Mbemba wa Zambia atasema inkonde, na Mchewa wa Malawi nthochi. Ukivuka kwenda Kongo, Lingala ina likemba kwa zile za kupika na etabe kwa zile tamu. Na kaskazini mwa nchi yetu, ambako lugha si za Kibantu, Mwacholi atasema labolo. Mababu waliozungumza lugha moja hawakuachia watoto wao jina moja la tunda hili, na sababu iliyo rahisi kuliko zote ni kwamba walipokuwa pamoja hawakuwa nalo. Kila tawi lililipokea au kulibuni jina njiani, na watu wa pwani, katika mgao huo, wakapata ndizi.

Ukanda wetu wa maziwa makuu ulipata lake, na ndilo lenye mizizi mirefu zaidi hapa: tooke. Waganda wana amatooke na ekitooke. Wanyankole wana ekitookye kwa mmea na orutookye kwa shamba zima. Wanyarwanda wana igitoki. Wagisu wana kamatoore, ambayo mgeni wa Mbale atapewa pamoja na maleewa, yaani machipukizi ya mianzi. Katika hadithi ya Kintu, mtu wa kwanza wa Buganda, mkewe Nambi aliposhuka kutoka mbinguni alikuja na mche wa ekitooke pamoja na kuku, na ni ule ulezi wa kuku aliousahau uliomrudisha na kuturithisha kifo. Lugha iliyoweka mmea katika hadithi ya mwanzo wa watu wake haikuazima jina la mmea huo kwa mfanyabiashara wa karne ya kumi na tisa. Waganda wamezipa hata rangi majina kutoka shambani humo: manjano ni kyenvu, kutokana na eryenvu, ndizi iliyoiva, kijani ni kiragala, kutokana na olulagala, jani la mgomba. Aina za matooke nazo zina majina yanayosimama kama watu: Nakitembe, Mpologoma ambayo ni simba, Nfuuka ambayo maana yake ni nageuka. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Kawanda walipotoa aina yao chotara inayostahimili magonjwa mwaka 2010, waliipa namba kama ilivyo desturi ya maabara, lakini wakulima wanaijua kwa jina la Kiwangaazi, yaani yenye kudumu, na nadhani jina hilo limeisaidia kuingia mashambani kuliko namba yoyote.

Ukikiweka kisa chako juu ya picha hii, kimeeleweka: Mganda ana neno lake kuu, tooke, na ndizi kwake ni mgeni aliyepewa chumba kimoja, Mswahili ana ndizi kama nyumba nzima, na matooke kwake ni chumba kimojawapo.

Limebaki lile la banana na vidole. Hadithi hii inasambaa sana kwa sababu inapendeza. Kiarabu kweli kina neno banan lenye maana ya ncha za vidole, na ndizi kweli zinakaa kama vidole. Tatizo ni kwamba Waarabu hawajawahi kuliita tunda hili banan. Lingekuwa jambo la ajabu wao wawape dunia nzima jina ambalo wao wenyewe hawalitumii. Njia yake inajulikana: Wareno walilisikia Afrika Magharibi, na mwaka 1563 tabibu Mreno Garcia de Orta, aliyeishi Goa, aliandika kwamba matunda haya yapo Guinea na kwamba huko yanaitwa bananas. Kutoka Kireno na Kihispania likaenea Ulaya, na leo limerudi Afrika na kuketi katika lugha nyingi za kusini. Mzulu anasema ubhanana. Kwa hiyo neno ambalo mwanao ameambiwa ni la Kiarabu ni la Waafrika wenzake wa upande wa pili wa bara. Mwambie hivyo, atalipenda zaidi.

Nina onyo dogo hapa kwa wale wanaopenda kufananisha sauti. Kinyarwanda kina neno urutoki lenye maana ya kidole, na urutoki lenye maana ya shamba la migomba. Mtu akikaa na hilo jioni moja tu atakuwa amejenga nadharia nzima kwamba matooke nayo ni vidole. Huenda ikampendeza, lakini kufanana kwa sauti katika lugha moja hakutoshi kuunganisha ukoo unaoanzia Mbale hadi Kigali, na mimi nisingeweka shilingi yangu juu yake.

Sasa oda yako. Unapoandikiana na mtu wa Kenya au Tanzania, usiandike ndizi peke yake hata mara moja. Kwa zile za kupika, andika "matooke", au "ndizi za kupika (matooke)". Wakenya wamelizoea neno hili na huliandika matoke, kwa o moja, kwa kuwa Kiswahili hakiandiki urefu wa irabu, nawe usilihesabu kuwa kosa. Kwa ndogo tamu, andika "ndizi kisukari" kwa Mtanzania, au "ndizi ndogo tamu (sukali ndiizi)" kwa yeyote. Kwa bogoya, ongeza neno Kampala kwenye mabano ukimwandikia Mkenya, hata kama linakuchekesha. Gonja iandike "ndizi za kuchoma", au "mzuzu" ukiwa unawauzia watu wa pwani. Kisha taja kipimo: mkungu ni zao zima kama unavyolishusha kutoka shambani, lile tunaloliita enkota; chane ni safu moja tu, ekiwagu. Nimeshasikia mtu aliyeuliza bei ya chane akajibiwa ya mkungu, na mazungumzo yakaishia kwa kila mmoja kumwona mwenzake mwizi.

Neno la kuchunga kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kitenzi. Kiganda kinatenganisha: tunda likiwa bivu limefanya okwengera, na chakula kikiwa tayari jikoni kimefanya okuggya. Kiswahili kina kuiva kwa yote mawili. Mteja wako akikuandikia kwamba anataka matooke "yasiyoiva", ana maana ya kijani, mabichi, ya kwenda jikoni, nawe ukimjibu kwamba "yameiva vizuri" ukitaka kusema kwamba yamekomaa, atafikiri umempelekea mzigo wa manjano usiofaa hata kwa supu. Andika "yamekomaa, bado mabichi". Ni maneno matatu, na yanafaa kuandikwa hata kwenye karatasi inayobandikwa juu ya lori kabla halijavuka mpaka.